Picha ya maua iliyochorwa kwa msiba wa mtoto

Msiba ukitangazwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo au la wazazi wa darasa, dakika tano hazipiti salamu hazijaanza kumiminika. "Poleni sana wafiwa." "Mungu awatie nguvu." Kisha zinafuata picha. Mshumaa unaowaka. Njiwa mweupe. Na mara nyingi tawi jembamba lenye maua ya rangi ya waridi iliyopauka, maneno ya pole yakiwa yameandikwa chini yake.

Tawi hilo si la mjakaranda wala la mkrismasi, miti ambayo wakazi wa Dodoma huiona ikichanua kila mwaka joto linapopanda. Ni la mcheri wa Japani, ambao wenyewe huuita sakura. Katika miji ya Tokyo na Kyoto huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, maua yakakaa yamejaa mtini kwa wiki moja hivi, kisha upepo na mvua vikayaangusha. Kwa karne nyingi wachoraji wa Japani wamelichora ua hilo kwenye karatasi, hariri, milango na kuta za mahekalu, kwa sababu ya uzuri wake na kwa sababu halikai.

Anayelituma kwenye grupu huenda hayajui hayo, na hana kosa. Amechukua picha iliyoonekana ya upole. Lakini imeangukia mahali pake kuliko anavyodhani, kwa kuwa moja ya picha maarufu kabisa za mcheri nchini Japani ilichorwa kwa sababu ya kifo cha mtoto wa miaka miwili.

Mtoto aliyeitwa "aliyetupwa"

Mtoto huyo alizaliwa mwaka 1589. Baba yake alikuwa Toyotomi Hideyoshi, mtu aliyetoka familia ya kawaida ya kijijini, akapanda ngazi ya jeshi hadi mwaka 1590 akawa ameishika Japani nzima mkononi. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mrithi. Umri wake ulikuwa umeshavuka miaka 50 mtoto huyo alipozaliwa.

Kwanza wakamwita Sute, maana yake aliyetupwa. Ilikuwa imani ya Wajapani wa zama hizo kwamba mtoto aliyetupwa hukua akiwa na nguvu, hivyo wazazi waliojawa na hofu walimpa mtoto wao jina la kujifanya hawamtaki. Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi. Afrika Mashariki nzima ina watu wazima wenye majina ya takataka, ya taabu na ya jalala, ambao mama zao walikuwa wameshazika watoto kabla yao na walitaka kifo kiwadharau hawa na kupita.

Baadaye akaitwa Tsurumatsu. Jina hilo linaunganisha korongo na msonobari, na vyote viwili ni alama za maisha marefu kwa Wajapani. Mwaka 1591 aliugua. Maombi yalifanyika kwenye mahekalu, na mtoto akafa. Kumbukumbu za Japani humtaja kuwa na miaka 3, kwa sababu zamani mtoto alihesabiwa kuwa na mwaka 1 siku anazaliwa, akaongezewa mwingine kila mwaka mpya ulipoingia. Kwa hesabu ya kadi ya kliniki ya hapa kwetu, alikuwa na miaka 2 na miezi kadhaa.

Hideyoshi alikata kishungi cha nywele zake, jambo zito kwa mwanamume wa cheo wakati ule, na watu wake wakamfuata. Isidhaniwe kwamba huzuni ilimfanya kuwa mpole. Mwaka uliofuata, 1592, alipeleka majeshi kuivamia Korea, na huko wazazi wengine wengi walizika watoto wao kwa ajili yake. Lakini huyo huyo aliamuru lijengwe hekalu mjini Kyoto, lililoitwa Shoun-ji, la kumwombea na kumkumbuka mwanawe. Hekalu lilihitaji picha.

Baba na mwana kazini

Kazi hiyo walipewa akina Hasegawa. Mkuu wao alikuwa Hasegawa Tohaku, aliyezaliwa mwaka 1539 katika mji wa pwani wa Nanao, mbali na mji mkuu, na kulelewa katika familia ya watia rangi vitambaa. Alihamia Kyoto akiwa mtu mzima kutafuta maisha, na kwa miaka mingi alikuta kazi kubwa kubwa zimeshikwa na ukoo mwingine wa wachoraji, akina Kano. Kwa hiyo hekalu la mtoto wa Hideyoshi lilikuwa mlango uliofunguka. Aliingia nao pamoja na mwanawe Kyuzo, kijana wa miaka 25 hivi, ambaye inasadikiwa ndiye aliyechora mcheri.

Anayeitazama picha hiyo kwenye simu huona kwanza dhahabu. Sehemu kubwa ya nyuma imebandikwa karatasi nyembamba za dhahabu, kama mawingu. Shina nene la mcheri linapita, matawi yanatawanyika, na juu yake maua meupe makubwa, yenye petali nyingi zilizopandana. Picha haina mtu, kaburi wala mtoto.

Kisichoonekana kwenye simu ni kwamba maua hayo yamevimba. Kyuzo alitumia rangi nyeupe inayotengenezwa kwa maganda ya chaza yaliyosagwa kuwa unga laini, ikachanganywa na gundi ya ngozi za wanyama. Aliipaka tabaka juu ya tabaka hadi kila ua likainuka kutoka kwenye karatasi, kiasi kwamba mtu akipitisha kidole angelihisi. Kwenye chumba chenye mwanga hafifu, maua ya namna hiyo hushika nuru na kuonekana kama yanasogea. Leo mengine yamebanduka na mengine yamegeuka manjano, maana zaidi ya miaka 400 imepita.

Kisha ikaja mwaka 1593. Kyuzo akafa, akiwa na miaka 26 kwa hesabu yao.

Hapo ndipo kisa hiki kinapowagusa wazazi kuliko wapenzi wa sanaa. Mzee aliyeajiriwa kupamba msiba wa baba mwingine akawa yeye mwenyewe mfiwa, katika kazi ile ile. Alikuwa na miaka 55 hivi. Hekalu lina picha nyingine kubwa, iliyochorwa na Tohaku mwenyewe: mti wa mepo, ambao majani yake hubadilika rangi msimu wa baridi unapokaribia, shina lake likiwa nene na lenye nguvu, chini yake maua ya kila aina yamesongamana. Masimulizi yanayotunzwa hekaluni yanasema aliichora kwa ajili ya mwanawe, ikae karibu na mcheri wake. Wapo pia wataalamu wanaoihusisha na msiba huo picha yake nyingine, ya misonobari iliyofunikwa na ukungu, iliyochorwa kwa wino mweusi tu na ambayo sasa iko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Tokyo.

Utawala wa ukoo wa Hideyoshi ulianguka mwaka 1615. Hekalu likapita mikononi mwa watawa wengine na sasa linaitwa Chishaku-in. Liliungua mwaka 1682 na tena mwaka 1947, na picha nyingine ziliteketea, lakini mcheri na mepo vikaokolewa. Tangu Aprili 2023 vimewekwa kwenye jengo jipya la hazina la hekalu hilo, vyote viwili vikiwa chumba kimoja.

Nyumba ya Nkuhungu

Sasa ichukuliwe nyumba moja ya kupanga Nkuhungu, Dodoma mjini. Si ya mtu fulani, na wauguzi wa wodi yoyote ya watoto wataitambua. Baba ni mtumishi aliyehamia na ofisi yake kutoka Dar es Salaam baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma. Mama ana duka dogo. Binti yao ana miaka mitano. Mdogo wake wa kiume alikufa kwa nimonia akiwa na miezi minne.

Walimzika nyumbani kwao, mkoa mwingine, kwa sababu huko ndiko kuliko makaburi ya ukoo. Kilio kikalia huko. Baada ya siku chache wakarudi Dodoma, kwenye mtaa ambao majirani walikuwa ndio kwanza wanalijua jina la mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 4 zenye malipo anapofiwa na mtoto. Safari peke yake, kwa basi, kwenda na kurudi, inakula mbili.

Wakati mama yuko msibani, shangazi mmoja alikuwa ameshapita nyumbani. Kwa nia njema kabisa aliondoa nguo ndogo, beseni na chandarua cha mtoto, akavigawa. Mwingine akachukua simu ya mama na kufuta picha, "asije akawa anaziangalia akalia." Binti akaambiwa mdogo wake amelala.

Wiki ya pili binti akaanza kukataa kulala. Akaanza pia kukojoa kitandani, jambo ambalo lilikuwa limekwisha mwaka mzima. Siku moja alichora kwenye daftari: watu wanne, mmoja mdogo sana. Mgeni aliyekuwepo alilichukua daftari taratibu, akaligeuza ukurasa mpya, akamwambia achore nyumba.

Hakuna mtu mbaya katika nyumba hii. Kila mmoja alifanya alichofundishwa kuwa ni msaada.

Takwimu ambayo haimfariji aliyefiwa

Utafiti wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti kama huo wa mwaka 2015-16 ulikuta 67. Hayo ni mafanikio makubwa ya chanjo, ya vyandarua na ya akina mama kujifungulia vituoni. Lakini kati ya hao 43, watoto 24 hufa ndani ya mwezi wa kwanza, mara nyingi kabla jirani hajaja na ndoo ya uji kumwona mzazi.

Kupungua kwa vifo kuna upande mwingine usiosemwa. Bibi aliyezaa miaka ya 1960 na kuzika watoto wawili alikuwa amezungukwa na wanawake waliozika wawili au watatu. Alikaa nao kisimani, hakuhitaji kujieleza. Mjukuu wake aliye Nkuhungu leo anaweza kuwa peke yake katika mtaa, katika kikundi chake cha kukopeshana, na katika ofisi nzima ya mumewe. Wengine hawajui waseme nini, basi husema yale yale: "Wewe bado kijana, utapata mwingine." "Afadhali alikuwa mdogo, hamjamzoea." Na kwa baba: "Jikaze, wewe ndiye mwanaume wa nyumba."

Hiyo ya "hamjamzoea" ndiyo mbaya kuliko zote. Mama amembeba tumboni miezi tisa na kumnyonyesha minne.

Na ipo kauli ngumu ambayo haitamkwi kabisa, ya jina. Mwanamke wa kwetu akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani. Mtoto huyo akifa, mtaa mzima unababaika. Wapo wanaobadilisha usiku mmoja na kumwita kwa jina la mtoto mwingine au la mumewe, naye anapita sokoni akisikia mtoto wake akizikwa mara ya pili. Dawa yake ni fupi: aulizwe. "Unapenda tukuiteje?" Wengi watachagua jina lile lile.

Mwili haujui kwamba mtoto hayupo

Jambo moja huwakuta akina mama bila kuambiwa na mtu. Maziwa yanaendelea kuja. Hata mtoto aliyekufa siku ya kuzaliwa, siku ya pili au ya tatu matiti hujaa, yakauma, yakavuja mama akiwa amekaa kwenye mkeka wa msiba. Kwa wengine hicho ndicho kipindi kigumu kuliko maziko yenyewe.

Kuyafunga matiti kwa kanga iliyokazwa, kama wengi wanavyoshauriwa, hakupendekezwi. Kunaweza kuziba mirija na kuleta uvimbe na maambukizi. Linalosaidia ni sidiria inayoshika vizuri bila kubana, kitambaa kilicholowekwa maji baridi, dawa ya maumivu kama paracetamol, na kukamua kidogo tu kiasi cha kupata nafuu, si kuyamaliza, kwa kuwa kuyamaliza huuambia mwili utengeneze mengine. Titi likiwa jekundu, la moto, lenye uvimbe unaouma, au mama akipata homa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuhusu "mwingine," mashauri ya Shirika la Afya Duniani ni kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya kubeba mimba nyingine, na angalau miezi 6 mimba inapotoka. Aliyefiwa na mtoto mchanga azungumze na mtoa huduma wa kliniki kuhusu hali yake. Ndugu wasimpigie hesabu. Hideyoshi naye alipata mtoto mwingine wa kiume, mwaka 1593, akamwita jina la utotoni Hiroi, aliyeokotwa, kama jibu kwa yule aliyetupwa. Hata hivyo hekalu la Tsurumatsu halikuachwa. Mtoto aliyefuata alikuwa mtoto mwingine, na hata jina lake lilimkumbuka kaka yake.

Akiuliza mara ya kumi, ajibiwe mara ya kumi

Mtoto wa miaka mitano hajaelewa bado kwamba kifo hakirudi nyuma. Akiambiwa mdogo wake amelala, anafanya hesabu yake mwenyewe: aliyelala akazikwa, basi mimi nisilale. Akiambiwa amesafiri, atasubiri basi, na atakasirika kwa nini hakuagwa. Maneno ya wazi ndiyo yenye huruma. "Mdogo wako alikuwa anaumwa sana. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Amekufa. Hapumui tena, hahisi maumivu, na hatarudi." Familia yenye dini itaongeza inachoamini, na ni sawa, lakini baada ya hayo, si badala yake.

La pili ambalo mtoto anahitaji kusikia, hata kama hajauliza, ni kwamba si yeye. Watoto wa umri huo huamini kuwa mawazo yao yana nguvu. Kama aliwahi kumwonea wivu mdogo wake, au kusema "mrudisheni hospitali," anaweza kubeba siri hiyo kwa miaka.

Atalia dakika tatu, kisha ataomba mpira. Huko si kukosa huzuni. Atauliza swali lile lile tena Jumamosi, wakati watu wanakula.

Pale maneno yanapokwama, karatasi husaidia. Watoto wengi husema kwa kuchora yale ambayo hawana msamiati wake, na kazi ya mzazi ni kukaa karibu na kuuliza, "Niambie hapa umechora nini?" Si kusahihisha. Yule mgeni wa Nkuhungu aliyegeuza ukurasa alifunga mlango uliokuwa umefunguka wenyewe.

Picha na uponyaji kukutana si jambo geni kwenye uwanda huu wa kati. Kaskazini mwa mkoa wa Dodoma iko Michoro ya Miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006: zaidi ya vibanda 150 vya miamba vyenye twiga, tembo na watu wembamba wenye vichwa vikubwa, vilivyochorwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1951 Mary Leakey alitumia msimu mzima akiinakili, mingine ikiwa imeshaanza kufifia. Majina ya waliochora hayapo. Lakini mwamba wa Mungomi wa Kolo haujageuka kuwa makumbusho matupu, maana wazee wa Kirangi wameendelea kufika hapo kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa.

Hiyo ni michoro ya wanyama na watu zaidi kuliko maua. Ua la Dodoma linalofanana na mcheri kwa tabia halikupata mchoraji wa dhahabu. Ni ua la mbuyu. Hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama kiganja, likining'inia kichwa chini, likatembelewa na popo usiku, na kesho yake linanyauka na kudondoka. Watoto wanaotembea kwenda shule huyakanyaga. Wachache wamewahi kuambiwa watazame juu saa moja usiku.

Wakati wa kwenda hospitali

Huzuni si ugonjwa, na hakuna tarehe ya kuimaliza. Lakini mzazi ambaye kwa wiki kadhaa halali, hali, haogi, au anasema angependa naye afe, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Vivyo hivyo baba aliyeanza kunywa kila siku, na mtoto aliyeacha kabisa kucheza. Hospitali za rufaa za mikoa zina maofisa ustawi wa jamii, na kuwaomba ni haki. Kuhusu watoto, namba 116 hupigwa bure.

Dodoma ina pia Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyoanzishwa mwaka 1927. Tatizo ni utani. Nchi nzima "kupelekwa Mirembe" ni tusi, na tusi hilo limewazuia watu wengi kupata kikombe cha kwanza cha msaada, wakati mlango wenyewe uko mwendo wa bodaboda. Mwenye jino bovu hachekwi akienda kwa daktari wa meno.

Maganda ya mayai

Rudi Nkuhungu. Tuseme mwezi wa pili umeingia, na mama amekutana na ile picha ya tawi kwenye simu yake, ikiwa bado iko juu kabisa kwenye grupu la ukoo, na mtu amemweleza ni picha ya aina gani na asili yake nini.

Hawana chaza. Wana maganda ya mayai ya chapati mayai za jirani. Yanaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, yanaanikwa juani, yanatwangwa kwenye kinu kidogo hadi kuwa unga wa chengachenga. Gundi ni uji mzito wa ngano. (Chokaa isitumike hata kama ni nyeupe zaidi. Inaunguza macho na ngozi ya mtoto.) Binti anachora shina kwa makaa, kisha anamwaga maua kwa kijiko, rundo juu ya rundo, mengi kuliko tawi linavyoweza kubeba. Yakikauka yanavimba. Anapitisha kidole.

Kisha, bila kuulizwa, anachora chini ya mti watu wanne, mmoja mdogo sana.

Safari hii hakuna anayegeuza ukurasa. Mama anauliza huyu mdogo ni nani, na binti anamtaja. Baba, ambaye hajalitamka jina hilo tangu makaburini, anatoka nje, anakaa nje muda mrefu, anarudi na msumari.

Usiku anapiga picha ule mchoro na kuutuma kwenye grupu la ukoo. Hakuandika kitu. Kwa robo saa hakuna aliyejibu, ingawa alama za buluu zilionyesha watu wameshafungua. Mtu wa kwanza kujibu alikuwa bibi, kule kijijini, ambaye kwa kawaida hutuma sauti kwa sababu herufi zinamsumbua. Aliandika neno moja, na lilikuwa jina la mtoto.